Msimamizi mmoja anataka takwimu, mwingine anataka mahojiano: nifuate yupi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya huku Kanda ya Ziwa, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Nimekwama kabla hata sijaanza kukusanya data, na muda unazidi kwenda.

Utafiti wangu unahusu wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki. Nimefanya kazi chumba cha wajawazito kwa miaka mingi. Mama anakuja mimba ikiwa na miezi sita au saba, wakati mwingine ni mimba ya nne hiyo, wala si kwamba hajui faida ya kliniki. Ukimuuliza anakueleza vizuri kuliko bango lililobandikwa ukutani. Sasa kwa nini achelewe? Swali hilo ndilo lililonirudisha shule.

Msimamizi wangu wa kwanza ni mtu wa takwimu. Alisoma pendekezo langu akaandika pembeni: "Dodoso, sampuli 384, SPSS," yaani ile programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Anasema mahojiano na watu kumi na watano hayatoshi kuitwa utafiti wa uzamili, hizo ni hadithi tu. Msimamizi wa pili ametoka sosholojia. Yeye anasema dodoso litanirudishia majibu yale yale niliyoyaandika mwenyewe, kwa hiyo nifanye mahojiano ya kina. Nimebeba rasimu kutoka ofisi hii kwenda ile, na kila mmoja anafuta alichosahihisha mwenzake. Wapiganapo tembo nyasi huumia, Mama, na nyasi ni mimi.

Nikwambie na la moyoni. Hesabu zinanitisha tangu sekondari, kwa hiyo mwenyewe navutwa na mahojiano. Wenzangu wananiambia nisihofu, yupo kijana jirani na chuo anayechambua data kwa malipo: unampelekea madodoso, anakurudishia majedwali tayari. Lakini kuna aliyenitahadharisha kwamba mahojiano nayo yana mateso yake, utaandika maneno ya watu mpaka vidole vife ganzi.

Njia ipi ina uzito zaidi kitaaluma? Na je, naweza kuchanganya zote mbili ili wasimamizi wote waridhike? Nina kama miezi sita ya kukusanya na kuchambua, sina mfadhili, na zamu za usiku bado napangiwa.

Mkunga wa Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuzungushwa.

Swali lako la uzito nalijibu kwanza, maana ndilo linalowapoteza wanafunzi wengi. Utafiti wa takwimu na utafiti wa maelezo, yaani ule wa mahojiano na maneno ya watu, haushindani uzito. Kila mmoja una maswali unaoyaweza na maswali usioyaweza. Wewe mwenyewe unalijua hili kazini. Kipimo cha presha kinakupa 150 kwa 100, na namba hiyo huwezi kuipata kwa kumtazama mama usoni. Lakini kipimo hakikwambii kama kichwa kinamuuma au kama anaona nyota machoni; hayo lazima umuulize na umsikilize. Hakuna mkunga anayebishana kipi kati ya viwili hivyo ni bora.

Sasa soma tena barua yako. Swali uliloliandika ni "kwa nini achelewe?" Hukuuliza wangapi wanachelewa, na ni vizuri, kwa sababu jibu la wangapi kwa sehemu kubwa lipo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba takriban mjamzito mmoja tu kati ya wanne alianza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza, na waliofikisha mahudhurio manne au zaidi walikuwa asilimia 51. Ule wa 2022 uliwakuta waliofikisha manne wamepanda hadi asilimia 65. Shirika la Afya Duniani nalo tangu 2016 linataka mama aonane na mhudumu mara nane, ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Ukienda na madodoso 384 kutafuta asilimia ya wanaochelewa katika kata yako, utakuwa unarudia kwa kipande kidogo kazi ambayo nchi imeshaifanya kwa maelfu ya kaya.

Simaanishi kwamba msimamizi wako wa kwanza amekosea. Takwimu hazihesabu vichwa tu. Zinaweza kukuonyesha kama wanaokaa mbali na kituo wanachelewa kuliko wa karibu, kama mama wa watoto watano anachelewa kuliko mwenye mimba ya kwanza, na kama tofauti hiyo ni ya kweli au imetokea kwa bahati. Mahojiano kumi na matano hayawezi kukupa hayo hata uyafanye kwa ustadi gani. Ukija kuandika kwamba "wanawake wengi wa wilaya hii wanachelewa kwa sababu ya umbali" huku umeongea na kumi na watano, hapo msimamizi wako atakuwa na haki ya kuchukua kalamu.

Ila hiyo 384 nataka uielewe, maana inatajwa vyuoni kama amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Inatokana na fomula ya Cochran: 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Maana yake ni kwamba unataka kukadiria asilimia fulani katika umma mkubwa, yaani kundi lote unalolichunguza, ukiwa na uhakika wa asilimia 95 na ukikubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini. Umma ukiwa mdogo, namba inashuka. Tuseme kituo chako kinapokea wajawazito wapya 600 kwa mwaka. Kwa fomula ya Yamane ya 1967, unagawanya 600 kwa 2.5 (yaani 1 jumlisha 600 mara 0.05 kipeo cha pili), unapata 240. Na kuna sharti ambalo watu wanaliruka: hesabu hizi zote zinadai sampuli ya nasibu, yaani kila mama kwenye orodha awe na nafasi ya kuchaguliwa. Ukiwachukua 384 waliokaa kwenye benchi lako asubuhi unazokuwa zamu, fomula haikulindi tena. Utakuwa na namba kubwa, lakini ile ahadi ya asilimia 5 haipo.

Kumi na watano je, ni wachache? Katika utafiti wa maelezo humtafuti mtu ili awakilishe asilimia. Unatafuta namna jambo linavyotokea, na unaendelea kuongea na watu mpaka mahojiano mapya yaache kukupa jipya. Wazo hilo la kufikia kikomo lilianza na wanasosholojia Glaser na Strauss mwaka 1967. Mwaka 2006 Guest na wenzake wakalipima kwa kurudia kuchambua mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakakuta kwamba mada karibu zote zilikuwa zimeshajitokeza katika mahojiano 12 ya mwanzo. Usiibebe 12 hiyo kama wenzako wanavyoibeba 384. Wanawake wale walikuwa na hali zinazofanana na maswali yalikuwa yamelenga jambo moja. Ukitaka kusikiliza mabinti, mama wa watoto wengi, waume na mama wakwe, kila kundi lina kikomo chake, na miezi yako sita haitatosha. Chagua kundi moja, ukizidisha sana mawili.

Kuna utafiti ambao ningependa uufahamu, kwa sababu ulifanyika huko huko Kanda ya Ziwa. Mwaka 1998 ulianza mradi wa Mema kwa Vijana katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, kufundisha elimu ya afya ya uzazi shule za msingi na kuboresha huduma kwa vijana. Ulipimwa kwa njia ya kitakwimu iliyo ngumu kuliko zote: jamii 20, nusu zikachaguliwa kwa bahati nasibu zipate mradi na nusu zisubiri, kisha vijana wakapimwa damu na mkojo. Matokeo yaliyotoka 2007 yalionyesha kwamba maarifa ya vijana yaliongezeka, na majibu yao kuhusu mwenendo yakabadilika. Lakini maambukizi ya VVU na mimba hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Timu hiyo hiyo ilikuwa imetuma watafiti wakaishi vijijini na familia, wakilima nao, wakichota maji nao na kwenda nao sherehe. Mwaka 2004 Plummer na wenzake walilinganisha njia tano za kuwauliza vijana kuhusu mambo ya ngono: vipimo vya maabara, dodoso la ana kwa ana, dodoso la kujaza mwenyewe, mahojiano ya kina, na kuishi nao. Sehemu kubwa ya wasichana ambao vipimo vilionyesha wazi kwamba wameshakutana na mwanamume hawakusema hivyo kwenye dodoso. Kwenye mahojiano ya kina walikuwa wakweli zaidi, na watafiti walioishi vijijini ndio waliopata picha pana kuliko wote. Bila vipimo na sampuli kubwa, nani angejua kwamba mradi haukupunguza maambukizi? Na bila wale waliolala vijijini, nani angeeleza kwamba "ndiyo" na "hapana" za kwenye dodoso hazikuwa za kutegemewa? Mpe kila msimamizi wako makala hizo mbili, ya 2004 na ya 2007, azisome. Ni kazi iliyofanyika nyumbani kwenu, na kila upande unajiona humo.

Turudi chumbani kwako. Chukua swali la dodoso la kawaida: "Sababu ya kuchelewa: 1. Umbali. 2. Gharama. 3. Sikujua umuhimu. 4. Nyingine." Mama atasema umbali, kwa sababu ni jibu lisilo na aibu, na wewe utaweka alama. Sasa jaribu kumuuliza hivi: "Siku ulipojua una mimba, ulimwambia nani kwanza?" Kisha nyamaza. Anaweza kukwambia hakumwambia mtu, maana mimba changa haitangazwi. Kisha akakwambia mume yuko machimboni, na kliniki wanataka mje wawili mpimwe VVU. Asiye na mwenza anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kijiji, na kwenda kuomba barua ile ni kutangaza kwa kijiji kizima kwamba sina mwanamume. Kwa hiyo akasubiri mume arudi. Miezi mitano. Suala hili la mwenza na barua limeshaandikwa na watafiti katika maeneo kadhaa ya Tanzania, na halikugunduliwa na mtu aliyekuwa anaweka alama kwenye "umbali". Angalia pia kwamba kikwazo hapo kimewekwa na kituo chenyewe. Dodoso lililoandikwa na mtu wa kituo haliwezi kuwa na kisanduku cha jambo hilo kama hajawahi kulisikia.

Hapo nafika kwenye kinachonitia wasiwasi zaidi katika mpango wako, na wasimamizi wako wote wawili hawajakigusa. Wewe ni mkunga wa kituo hicho hicho. Mama unayetaka kumhoji leo ndiye utakayemzalisha kesho. Atakwambia nini kuhusu lugha mbaya ya wahudumu, au kuhusu ile barua? Atakupa majibu ya kukufurahisha, iwe kwa dodoso au kwa mahojiano. Nenda kituo kingine ambacho hawakujui. Vua sare, wala usikae upande wa pili wa meza ya daktari. Wahoji nyumbani kwao, au kwenye chumba cha pembeni ambacho mama mkwe hasikii. Na kwenye ripoti uandike waziwazi kwamba wewe ni mkunga na ulichofanya kupunguza uzito wa cheo hicho. Utafiti wa maelezo hauombi mtafiti ajifiche, unamtaka aseme alikuwa amesimama wapi.

Kuhusu hofu ya hesabu, nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakutakia mema. Usichague mahojiano kwa kukimbia hesabu. Rekodi ya saa moja, kwa asiye mzoefu, inakula saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno, na kama mama ameongea Kisukuma ongeza muda wa kutafsiri. Kumi na tano kati ya hizo, kwa mtu mwenye zamu za usiku, ni miezi miwili imekwenda. Baadaye unasoma upya kila ukurasa, unaweka alama kwenye kila wazo, unakusanya mawazo kuwa mada, unazivunja mada ukigundua hazisimami, unaanza tena. Braun na Clarke wameeleza hatua hizo vizuri katika makala yao ya 2006, itafute. Kunukuu maneno matamu ya mama watatu chini ya vichwa vya habari si uchambuzi, na jopo litakwambia hivyo.

Yule kijana wa majedwali achana naye kabisa. Siku ya kutetea tasnifu utaulizwa kwa nini ulitumia kai-mraba (kipimo cha kitakwimu cha kulinganisha makundi) na si kipimo kingine, naye hatakuwepo ukumbini. Na hata asingeulizwa mtu, majedwali hayo yanahusu wanawake waliokupa muda wao na siri zao. Kazi ya kuwaelewa ni yako. Kama ni kusaidiwa, mlipe mtu akufundishe, ukae mwenyewe kwenye kompyuta.

Kuchanganya inawezekana. Ila usichanganye ili wazee wawili waridhike, changanya kama swali lako linahitaji. Na mimi naona lako linahitaji, kidogo. Ningekuwa ndiye msimamizi wako, ningekushauri hivi.

Sehemu ya kwanza iwe ya takwimu, na usichapishe dodoso hata moja. Kuna rejista ya wajawazito ya MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kila mama aliyefika mara ya kwanza ameandikwa humo: umri, mimba ya ngapi, wiki za mimba siku aliyofika, kama mwenza alikuja. Chukua mwaka mzima wa kituo ulichokichagua, wote, bila sampuli. Kama ni 600, ni 600. Utaona wastani wa wiki, utalinganisha mabinti na wakubwa, waliokuja na wenza na waliokuja peke yao. Hesabu zake utaziweza ukifundishwa wiki mbili tatu kwa utulivu. Uwe mwangalifu na mambo mawili. Wiki zilizoandikwa mara nyingi ni makadirio, mama anakumbuka mwezi wa hedhi ya mwisho, hakumbuki tarehe. Na rejista inamjua aliyekuja tu. Ambaye hakufika kabisa hayumo, kwa hiyo usiandike kana kwamba unazungumzia wajawazito wote wa eneo hilo.

Sehemu ya pili, ambayo ndiyo moyo wa tasnifu, iwe mahojiano. Rejista ikusaidie kuchagua wa kuongea nao. Na hapa wengi wanasahau jambo: usiwahoji waliochelewa peke yao. Tafuta na waliowahi, kutoka vijiji vile vile, wenye umbali ule ule na umaskini ule ule. Nani alimsaidia huyu akafika wiki ya kumi, na mwenzake wa nyumba ya pili akafika wiki ya 28? Wanane waliochelewa na sita waliowahi watakufundisha kuliko kumi na watano waliochelewa. Mahojiano matatu ya kwanza yaandike na uyachambue kabla ya kuendelea, maana maswali yako yatabadilika, na katika njia hii kubadilika kunaruhusiwa. Kwenye dodoso hairuhusiwi. Ukibadilisha swali katikati umeharibu data yote.

Kuhusu wasimamizi, acha kubeba rasimu ofisi hadi ofisi. Waombe kikao kimoja, wote wawili mezani, na uwapelekee ukurasa mmoja tu: swali la kwanza na data itakayolijibu, swali la pili na data itakayolijibu, na muda wa kila moja. Msimamizi wa kwanza mpe usukani wa sehemu ya rejista, wa pili usukani wa mahojiano. Yule wa kwanza akirudi kwenye hoja kwamba watu 14 hawawakilishi wilaya, mjibu kwa heshima kwamba kazi ya kuonyesha ukubwa wa tatizo imebebwa na rejista, na mahojiano yatapimwa kwa vigezo vyake. Lincoln na Guba walivitaja vinne mwaka 1985: matokeo yaaminike, yaweze kuhamishiwa mahali pengine penye hali kama hiyo, yategemeke, na yathibitishike kwa kufuata nyayo za mtafiti. Kwa hiyo tunza daftari la kila uamuzi uliofanya, tarehe na sababu. Mwombe pia asome mahojiano mawili na kuyawekea alama yeye mwenyewe, kisha mlinganishe. Mtu wa takwimu akishashika maneno ya mama mmoja kwa mkono wake, mazungumzo yenu yatakuwa mengine.

Makubaliano yakifikiwa, yaandike siku hiyo hiyo na uwatumie wote wawili kwa barua pepe moja, waone kwamba kila mmoja amepata nakala.

La mwisho ni kibali cha maadili. Omba sasa, usisubiri zana zikamilike kwa asilimia mia, kwa sababu kamati huchukua muda wake na bado utahitaji barua ya kukuruhusu kuingia kituoni na kugusa rejista. Kwenye maombi eleza utafanya nini ukikutana na mjamzito wa chini ya miaka 18, na utafanya nini mama akikueleza katikati ya mahojiano kwamba anapigwa nyumbani. Kamati itakuuliza yote mawili. Jina la mtu wa ustawi wa jamii wa halmashauri na namba yake ya simu uwe nayo kabla ya mahojiano ya kwanza.